Usitafute Tabora, Mtafute Aliyeandika

Hotuba kwa wanachuo, walimu wa historia na watunza kumbukumbu, Tabora mjini

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, wanachuo, na ninyi mliotoka Urambo na Sikonge tangu alfajiri, mwangaluka. Ndugu zetu wa Kigoma mliopanda treni kuja kutusikiliza, karibuni sana Unyanyembe, nchi hii ya Tabora.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuyapata na kuyafikia makusanyo ya miswada katika maktaba za utafiti. Nikisema miswada nakusudia karatasi ambazo hazikupita kwa mchapishaji: barua, shajara, daftari za misheni, hesabu za wafanyabiashara, majalada ya serikali, mashairi yaliyonakiliwa kwa mkono, ripoti za mabwana shauri. Wengi wenu mnazihitaji kwa tasnifu zenu. Wengine mmekuja kwa sababu babu au bibi alitajwa mahali fulani na hamjui ni wapi. Wote karibuni, njia ni moja.

Mwanafunzi akija na mada inayohusu mji huu, kwa kawaida huwa ameshaandika neno Tabora kwenye mtandao, akapata vitu vichache, kisha akahitimisha kwamba historia yetu haikuandikwa. Wazo hilo linatuumiza, na si kweli. Mji huu umeandikwa kwelikweli, kwa Kiswahili, Kiarabu, Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani, kwa zaidi ya miaka 160. Kinachotupoteza ni kwamba karatasi hizo hazikupangwa kwa mada. Zimepangwa kwa mwenyewe.

Kitabu mkutubi hukisoma, hukipa namba ya mada yake, hukiweka rafuni pamoja na vitabu vingine vya mada hiyo. Karatasi za mtu hazifanyiwi hivyo. Mtu akifariki, au ofisi ikifungwa, karatasi zake huingia maktaba zote kwa pamoja, na mtunza kumbukumbu hujitahidi kuuacha mpangilio uleule aliouacha mwenyewe. Barua iliyotoka Tabora ikiwa imelala kati ya risiti za fundi cherehani na hati za shamba la Uingereza, italala hapohapo daima. Ninyi wa Chuo cha Uhazili mnaijua sababu kuliko mimi. Ukichomoa folio moja, yaani karatasi yenye namba yake, kwenye jalada ukaipachika kwenye jalada jingine kwa kuwa inaonekana inafanana, umeua ushahidi. Hakuna atakayejua tena barua ile ilijibu nini, na nani aliisoma kabla ya nani.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa kompyuta, jiulize: nani aliandika, alimwandikia nani, na huyo aliyeandikiwa alikuwa chini ya ofisi gani? Barua hukaa kwa aliyeipokea. Iliyotoka hapa kwenda London imo London, na iliyokwenda Roma imo Roma.

Chukueni mfano wa Mtemi Mirambo. Kijana wa Urambo anaandika jina Mirambo kwenye katalogi ya maktaba kubwa na anapata vitabu vichache vya wanahistoria wa karne ya 20. Lakini Mirambo aliandikiana na John Kirk, konseli wa Uingereza kule Zanzibar. Kirk aliripoti kwa Wizara ya Mambo ya Nje, London, na wizara ile ilizihifadhi habari nyingi za Zanzibar chini ya shughuli za kupambana na biashara ya utumwa. Ndiyo maana habari za mtemi wa Wanyamwezi zimo ndani ya mfululizo wa majalada uitwao FO 84, kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza iliyoko Kew, London, chini ya kichwa cha utumwa. Hakuna mashine itakayokufikisha pale usipojiuliza mtemi alizungumza na nani. Tena Urambo alikaa daktari wa London Missionary Society, Ebenezer Southon, aliyefika 1879 na kufia hukohuko 1882. Barua alizowapelekea wakubwa wake zimo katika karatasi za misheni hiyo, ambazo leo ziko SOAS, Chuo Kikuu cha London. Umeona? Mtu ni mmoja, na tayari tuna makusanyo mawili, na hakuna hata moja lenye jina lake juu.

Wamisionari wengine nao wana nyumba zao. Mapadri Weupe walifika Ujiji Januari 1879, na kila kituo chao kiliagizwa kuandika shajara ya kila siku: nani kaja, nani kaugua, mvua imenyesha, msafara umepita, bei ya nafaka imepanda. Karatasi zao kuu ziko Roma, kwa Kifaransa. Wamoraviani walichukua kituo cha Urambo kutoka kwa Waingereza mwaka 1898, na hifadhi yao kuu iko Herrnhut, mji mdogo wa Ujerumani. Anayetafuta habari za mvua na njaa za nchi hii angeanzia kwenye shajara za mapadri kabla ya ripoti yoyote ya serikali. Padri aliyetakiwa aandike kila jioni huandika hata pale ambapo hakuna jambo kubwa, na mambo madogo hayo ndiyo tunayoyakosa.

Jina la kutafutia nalo lina kazi yake. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipoingia hapa Novemba 1857, waliuandika mji huu Kazeh. Wengine waliandika Unyanyembe, na Wafaransa Ounyanyembé. Unyamwezi kwa Mjerumani ni Unjamwesi. Ujiji ni Udschidschi kwa Mjerumani na Oujiji kwa Mfaransa, na ndugu zangu wa Kigoma msipoyajua maumbo hayo mtapita nje ya mlango wenu wenyewe. Mtemi Isike wa Unyanyembe, aliyekufa Januari 1893 ngome yake ilipovamiwa na jeshi la Mjerumani Tom von Prince, kwenye karatasi za Kijerumani utamkuta kama Siki. Ukurasa wa kwanza wa daftari lako la utafiti uwe wa majina na tahajia zake zote. Ukikutana na tahajia mpya, rudi ukurasa huo uiongeze, kisha tafuta upya kote ulikokwishatafuta.

Sasa naomba nikae kidogo kwenye jambo moja, kwa sababu linaonyesha kwa nini tuhangaike na karatasi zenyewe wakati vitabu vipo.

Machi 1872, pale Kwihara, mwendo mfupi tu kutoka tulipo, David Livingstone alimkabidhi Henry Morton Stanley shajara kubwa iliyotiwa lakiri ili aipeleke Uingereza. Imeandika mambo ya tangu 1866 hadi mwezi ule wa kuagana. Watafiti wa dunia nzima wanaiita Unyanyembe Journal. Imebeba jina la nchi yetu, na iko Blantyre, Uskoti, kwenye makumbusho ya mahali alipozaliwa Livingstone. Picha za kurasa zake ziko kwenye mtandao wa Livingstone Online, bila malipo, na simu zenu hizi zinatosha kuzifungua.

Lakini shajara ile ni nakala safi. Livingstone aliinakili kutoka kwenye daftari ndogo alizoandika njiani. Mwaka 1871, alipokuwa Nyangwe, magharibi ya Ziwa Tanganyika, aliishiwa karatasi na wino. Akachukua kurasa za gazeti kuukuu la London, The Standard, akaligeuza upande, akaandika kwa kukatiza juu ya mistari iliyochapishwa, kwa wino aliojitengenezea kutokana na mmea wa kule. Baada ya miaka wino ule ulifikia kufifia kabisa, huku herufi za gazeti zikibaki nyeusi vilevile, na sehemu kubwa haikusomeka tena. Ndipo kundi la watafiti likiongozwa na Adrian Wisnicki likazipiga picha kurasa hizo chini ya mianga ya rangi mbalimbali, kisha kompyuta ikatenganisha wino wa Livingstone na wino wa gazeti. Matokeo yalitolewa hadharani mwaka 2011.

Katika kurasa hizo kuna tarehe 15 Julai 1871, siku watu walipopigwa risasi na kuzama mtoni kwenye soko la Nyangwe, wengi wao wanawake waliokuja kuuza bidhaa zao. Habari hiyo tunayo mara tatu: kwenye gazeti alilolikatiza kwa kalamu, kwenye Unyanyembe Journal alikonakili baadaye, na kwenye kitabu kilichotolewa 1874 na Horace Waller baada ya Livingstone kufariki. Habari hizo hazilingani. Alipokuwa akinakili, Livingstone alirekebisha, hasa mambo yaliyowahusu watu wa msafara wake mwenyewe. Aliyesoma kitabu peke yake amesoma mkono wa tatu. Mwalimu anayefundisha habari za biashara ya utumwa anaweza leo kuwaonyesha wanafunzi wake kurasa hizo tatu bega kwa bega na kuwauliza kwa nini maneno yamebadilika. Sijui somo la historia lenye nguvu kuliko hilo, na linahusu upande wetu huu wa dunia.

Stanley naye ana lake. Yale maneno ya kumsalimia Livingstone pale Ujiji, “Dr. Livingstone, I presume?”, ambayo wageni huja hadi leo kuyapigia picha chini ya mwembe, aliyatangaza yeye. Kwenye shajara yake mwenyewe, kurasa za kukutana huko zimechanwa. Na mtu anayezitafuta karatasi za Stanley ataanzia Marekani alikolifanyia kazi gazeti, au Uingereza alikozaliwa na kuzikwa. Mkusanyiko mkuu uko Tervuren, jirani na Brussels, kwenye makumbusho ya Afrika ya Kati, katika nchi ya mfalme aliyemwajiri kwa shughuli za Kongo. Karatasi hufuata kazi, fedha na warithi. Nchi ya kuzaliwa haina uzito sana.

Yupo mwingine ambaye namtaja kwa uchungu. Jacob Wainwright alikuwa Myao, akaokolewa kutoka kwa wafanyabiashara wa utumwa, akasomeshwa Nasik, India. Mwaka 1872 alikuja hapa Unyanyembe na msafara uliotumwa na Stanley kuungana na Livingstone. Mwaka uliofuata Livingstone alipofariki kijijini kwa Chifu Chitambo, katika Zambia ya leo, Wainwright ndiye aliyesoma sala za maziko ya moyo wake na kuchonga maandishi kwenye mti. Akawa pamoja na Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, na wenzao waliobeba mwili hadi pwani, na Oktoba 1873 walipita nao hapahapa. Akafika London, akawa mmoja wa walioshika jeneza Westminster Abbey, Aprili 1874. Kisha akarudi Afrika. Mwaka 1892 akafa Urambo.

Wainwright aliandika shajara. Ndiyo habari pekee ya kifo kile iliyoandikwa kwa mkono na mtu aliyekuwepo, na mtu huyo ni Mwafrika. Iko Blantyre, na tangu 2019 kurasa zake zinaonekana kwenye mtandao. Lakini mtu akitafuta waandishi waliofia Urambo hatampata. Atampata akitafuta Livingstone, kisha akashuka orodha polepole mpaka chini, amkute amekaa ndani ya mkusanyiko wa mwingine. Watu wetu walioandika, na wale walioandikisha wengine, wapangazi, wakalimani, makarani, wake wa watemi, wengi wao wamo ndani ya maboksi yenye majina ya wageni.

Kwa sababu hiyo nasisitiza kitu kinachoitwa mwongozo wa mkusanyiko. Katalogi ya maktaba hukupa mstari mmoja: karatasi za fulani, tangu mwaka huu hadi huu, maboksi kadhaa. Mwongozo ni waraka mrefu zaidi. Huanza na maisha ya mwenye karatasi, namna zilivyofika maktaba, nini kilipotea au kuchomwa, sehemu gani imefungwa na hadi lini, kisha huorodhesha boksi kwa boksi na jalada kwa jalada. Wanafunzi huruka utangulizi na kukimbilia orodha. Msifanye hivyo. Utangulizi ndio unaoeleza kwamba, kwa mfano, barua za miaka mitano hazimo kwa sababu nyumba iliungua, nawe ungezitafuta bure. Kisha soma orodha yote hadi mstari wa mwisho. Jalada linaloitwa “mengineyo” nalipenda kuliko yote. Humo ndimo karani alimoweka kila asichojua pa kukiweka, na mara nyingi ni barua za watu wa kawaida.

Kwa Uingereza, makusanyo ya vyuo vikuu hutafutwa kwa pamoja kwenye mtandao wa Archives Hub, na Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ina katalogi yake iitwayo Discovery. Kwa Ujerumani, karatasi za watu binafsi hutafutwa kwenye katalogi ya mtandaoni iitwayo Kalliope. Majalada ya wizara ya makoloni ni mfululizo R 1001 wa Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho mjini Berlin, na picha zake nyingi zinasomeka mtandaoni bure. Kijerumani chake kimeandikwa kwa mwandiko wa zamani ambao hata Wajerumani wa leo wengi hawausomi bila kujifunza. Unajifunzika. Andika alfabeti yake kwenye kadi, weka kadi mezani, soma mistari michache kila siku.

Miongozo mingi, hasa ya hifadhi za makanisa, bado ni karatasi zilizopigwa taipu na kuwekwa rafuni ofisini, na mtandao hauzioni. Hapo inabidi umwandikie mtunza kumbukumbu mwenyewe. Usimwandikie kwamba unaomba habari zote za Tabora. Mjulishe wewe ni nani na unasoma wapi, swali lako ni lipi kwa sentensi mbili, miaka gani, watu gani, unasoma lugha zipi, na umekwisha kuangalia wapi. Kama umeona namba ya jalada, iandike kamili. Kila siku barua zetu za serikali zina mstari usemao “Unapojibu tafadhali taja”, na chini yake Kumb. Na. Namba ya jalada kwenye maktaba ya utafiti ndiyo hiyohiyo. Ukiikosea herufi moja utaletewa boksi jingine. Malizia kwa swali hili: je, mna mkusanyiko mwingine usio kwenye orodha za mtandaoni ambao ungenifaa? Mtunza kumbukumbu anayeipenda kazi yake, na wengi wanaipenda, akiona umejiandaa atakwenda stoo kukuangalizia. Wapo pia wanaochelewa kujibu. Mimi mwenyewe niliwahi kuandikia hifadhi moja ya ng'ambo na kupata ukimya mtupu, nikaandika tena kwa upole nikiambatisha barua ya kwanza, wakajibu na picha za kurasa nilizotaka. Omba bei ya kupigiwa picha kurasa chache, na useme wazi kwamba u mwanafunzi. Safari ya Ulaya si sharti la kuandika historia ya Tabora.

Ukifika chumba cha kusomea, iwe Dar es Salaam au Birmingham, taratibu zinafanana. Mkoba unabaki nje. Kalamu ya wino hairuhusiwi, utatumia penseli. Boksi moja mezani, jalada moja limefunguliwa, na karatasi zinabaki kwa mfuatano ulioukuta hata kama unaona umekosewa. Ukiona kosa, mwite msimamizi. Usilambe kidole kufungua ukurasa. Zile glavu nyeupe za kwenye filamu, kwa karatasi sehemu nyingi hawazitaki: mkono uliooshwa na kukauka unaihisi karatasi vizuri zaidi na hauichani. Simu ikiruhusiwa, zima mmweko. Na kabla ya kupiga ukurasa wowote, piga picha ya jalada lenyewe kwa nje, namba ionekane. Nimeona watu wazima wana mamia ya picha nzuri wasizoweza kuzitumia, kwa kuwa hawajui zilitoka jalada gani.

Kuna karatasi utakazonyimwa, na si kwa dharau. Sheria yetu ya usimamizi wa kumbukumbu na nyaraka ya mwaka 2002 inafungua nyaraka za umma baada ya miaka 30. Karatasi binafsi zinaweza kuwa na masharti ya aliyezitoa, na zilizochoka sana utapewa filamu yake badala ya karatasi yenyewe. Uliza kufungwa huko kunaisha lini, andika tarehe, endelea na jalada linalofuata.

Nimezungumza mno habari za mbali, na hazina kubwa tunayo Dar es Salaam. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa inatunza majalada ya utawala wa Kijerumani ambayo Unesco iliyaingiza mwaka 1997 kwenye orodha ya kumbukumbu za dunia. Baadhi ya majalada hayo yalifukiwa ardhini wakati wa vita ya kwanza, yakafukuliwa baadaye, na ukiyashika utaelewa kwa nini kingo zake ziko vile. Wataalamu kutoka Marburg walisaidia kuyapanga, na orodha yake ilichapishwa 1973 kwa Kijerumani. Hapohapo kuna majalada ya Waingereza na Vitabu vya Wilaya, ambamo kila bwana shauri aliandika koo, watemi, kodi na mipaka ya wilaya yake, zikiwemo za huku kwetu. Visomeni kwa macho makali. Mwandishi alikuwa anatafuta mtemi wa kumpa mshahara, na aliyekuwa anamsimulia koo mara nyingi alikuwa na shauri lake barazani.

Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika sehemu ya Afrika Mashariki, ina karatasi za Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyefanya kazi serikalini hadi karibu na uhuru. Sheria na desturi za Wasukuma na Wanyamwezi, ngoma, vyama vya waganga, vyote alivikusanya. Ina pia miswada ya Kiswahili na Kiarabu iliyokusanywa na J.W.T. Allen na wenzake, ambayo katalogi yake ilitoka mwaka 1970. Hapo mnahitaji barua ya utambulisho kutoka chuoni kwenu, kitambulisho na subira. Hakuna nauli ya ndege.

Nageukia vijana wa Ujiji, na wa Isevya na Gongoni hapa mjini, mliosoma madrasa utotoni. Kabla ya herufi za Kilatini kuenea, Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Barua za Kiswahili za mwaka 1711 kutoka Kilwa zimo kwenye hifadhi ya Goa, India. Mabwana wa Kijerumani waliletewa barua za Kiswahili kwa herufi hizohizo na maliwali, wafanyabiashara na majumbe, na nyingine zimelala ndani ya majalada yao, kando ya tafsiri ya Kijerumani ambayo haisemi kila kitu. SOAS ina miswada mingi ya aina hiyo, na sehemu imewekwa mtandaoni. Watafiti kutoka ng'ambo hutumia miaka kujifunza Kiswahili na herufi za Kiarabu ndipo waanze kusoma mstari mmoja. Ninyi mnavyo vyote viwili tangu mkiwa na miaka 10. Inanisikitisha kwamba ujuzi huo tunauacha pale tunapovua kanzu ya madrasa. Nawaomba: jifunzeni kusoma miandiko ya zamani, isiyotiwa irabu, na muingie kwenye kazi hii. Mna nafasi ya kusoma barua ambazo hazijasomwa tena tangu siku zilipofunguliwa.

Na nyumbani? Januari 1958 TANU ilifanya mkutano wake mkuu hapa Tabora na kukubali uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Wapo wazee waliowapokea wajumbe wale majumbani mwao. Wapo waliokuwa makatibu wa vyama vya ushirika, makarani wa reli, walimu wa shule za kati. Barua na daftari zao zimo kwenye masanduku ya bati chini ya vitanda. Mkizikuta, msizitie plastiki ya moto kama vyeti, maana haitoki tena. Msizigande kwa selotepu, inageuka njano na kuila karatasi. Ondoeni pini zenye kutu taratibu, ziwekeni kwenye bahasha kavu, mbali na sakafu na mchwa, na juu ya bahasha mwandike kwa penseli: karatasi za nani, zilikuwa wapi, nani alinikabidhi na lini. Akija mtafiti, awe Mtanzania au mgeni, apige picha mezani kwenu. Karatasi yenyewe isitoke nyumbani bila hati ya makabidhiano yenye sahihi za pande mbili. Mkiamua kuipa maktaba, kubalianeni kwa maandishi nani ataruhusiwa kuisoma, na ombeni mkusanyiko uitwe kwa jina la mwenyewe.

Mkutubi wenu ameniwekea meza pale dirishani na kompyuta yenye mtandao. Nitakaa mpaka saa tisa. Aliye na jina la mtu, mwaka na kijiji, aje navyo tuandike barua yake ya kwanza leo hii. Waliotoka Urambo waanze, basi lao linaondoka mapema.